Jina Miguuni pa Msalaba

I

Padre Kalisti aliufunua mkono wa kuume wa msalaba, na waumini wa Nyakabale hawakuona kitu.

Ilikuwa Ijumaa Kuu, alasiri. Altare ilikuwa imevuliwa vitambaa vyake vyote, kengele zilikuwa kimya, na msalaba mkubwa wa mvule, uliofunikwa kwa zambarau tangu majuma mawili nyuma, ulikuwa umebebwa kutoka mlangoni hadi mbele. Kila mtu alijua kitakachofuata. Padre angeimba na kufunua sehemu ya kwanza. Watu wangepiga magoti. Angeimba tena na kufunua ya pili. Mwisho mwili wote wa Mkombozi ungeonekana, na watu wangejipanga kwenda kuibusu miguu yake. Kitambaa kiliondoka kama kilivyotakiwa. Chini yake palikuwa na ukungu wa kijivu.

Ukungu wenyewe haukuwa mgeni kwao. Waliuona kila siku katika lenzi za macho yao: juu ya bango fulani la barabarani, juu ya ukurasa fulani wa gazeti, juu ya ukuta wa klabu ya vijana karibu na stendi. Ulimaanisha kwamba mahali pale pana kitu ambacho Jopo la dini yako limeamua kisikuumize. Jirani yako wa dini nyingine angeweza kukiona nawe usikione, na kesho yake yakawa kinyume. Tangu Pazia, mtambo uliouweka ukungu huo, lilipotandazwa nchini hakuna msanii aliyefungwa kwa kukufuru, wala duka la vitabu lililochomwa moto. Kila mmoja alisema alichotaka na kuona alichoweza kustahimili. Ilikuwa amani, na waliokumbuka miaka ya ghasia hawakuidharau.

Lakini ukungu haukuwahi kukaa altareni.

Padre akaimba mara ya pili, kwa sauti iliyoshuka kuliko noti ilivyotaka. Ukungu. Akafunua kitambaa chote, akasimama ameinua juu kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona, na kwaya, ambayo haikufundishwa la kufanya katika hali kama hiyo, ikaitikia.

Katika benchi la mbele, Jaji mstaafu Evodius Kamuhabwa alikuwa amekwisha kuelewa. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Jopo la Pazia la Wakatoliki. Asubuhi ile ile hukumu yake juu ya sanamu iliyochongwa na Kokuberwa, binti wa kaka yake, ilikuwa imeanza kutumika. Siku aliichagua yeye mwenyewe. Aliona inafaa kwamba Mateso ya Bwana yalindwe dhidi ya dhihaka katika siku ya Mateso yenyewe.

Watu wakajipanga, kwa kuwa desturi ina nguvu kuliko mshangao. Waliofika mbele waliinama, wakatafuta mbao kwa midomo, kisha wakasita. Waliporudi kwenye mabenchi yao, walipita mbele ya Jaji bila kumtazama, au walimtazama kidogo kuliko heshima inavyotaka. Hakuelewa hilo mpaka zamu yake ilipofika. Aliinama. Mahali palipokuwa na miguu ya Kristo, pale penye msumari, kulikuwa na maandishi madogo meupe chini ya ukungu: *Limefunikwa kwa hukumu ya Jopo. Mwenyekiti: E. R. Kamuhabwa.*

Kifungu hicho pia alikidai yeye, miaka ya mwanzo, wajumbe wengine walipotaka hukumu zitoke bila majina. Mwenye kuhukumu asifiche mkono wake, alisema, na akashinda. Sasa alibusu mbao asizoziona, na macho yake yakasoma jina lake.

Nje, kwenye ngazi, Ma Justa alikuwa akimsubiri. Alikuwa mjane aliyefua nguo za altare tangu Jaji alipokuwa mtumishi wa misa, na mtoto wa jicho alikuwa amemwondolea nuru ya kawaida. Bila lenzi asingeiona hata mikono yake.

"Evodi, mwanangu. Wewe umesoma," alisema. "Niambie nimefanya nini."

"Hujafanya kitu, Mama."

"Kila mwaka namwona. Leo amenificha uso."

"Si wewe peke yako. Hakuna aliyeona. Ni hitilafu ya Pazia."

"Pazia halifuniki bure. Ninyi wenyewe mlikuja kutufundisha hivyo." Alifuta pembe ya jicho kwa ncha ya kitenge, kama anayeisafisha lenzi, ingawa alijua halikuwa tatizo la lenzi. "Na pale chini pana maneno. Kusoma sijui. Yanasemaje?"

Watu walikuwa wakishuka ngazi pembeni yao. Padre Kalisti alikuwa mlangoni, akisikia.

"Ni maneno ya serikali, Mama," alisema Jaji Kamuhabwa. "Ya kawaida tu."

Ma Justa akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akashuka taratibu akihesabu ngazi kwa mguu. Jaji alibaki amesimama pale alipoachwa. Katika maisha yake aliwahi kuwapeleka gerezani watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

II

"Kiranja," alisema Laurean Bitegeko asubuhi ya Jumamosi, hata kabla ya salamu, "umemtoa Yesu kanisani siku ile ile waliyomtoa mjini kumsulubisha."

Bitegeko alikuwa katibu na mjumbe wa Jopo. Alikuwa amesoma na Jaji Seminari ya Mtakatifu Klementi, Rwamisha, na tangu wakati huo hakuacha kumwita kwa cheo chake cha shule. Jaji hakucheka. Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi, na Mhandisi Zubeda Mfaume, aliyekuwa akiliangalia Pazia la nchi nzima, alikuwa amejitanda mtandio mzito juu ya koti la kazi.

"Shikamoo, Jaji."

"Marahaba. Nieleze."

"Pazia halimjui Mungu, Jaji, na wala halimjui Kokuberwa. Linajua sentensi. Jopo linatoa hukumu kwa sentensi moja, nami nalisomesha. Kisha lenyewe linapita kila mahali macho yanapoweza kupita, likitafuta chochote chenye maana ya sentensi ile. Halitafuti sanamu fulani. Lingetafuta sanamu fulani, msanii angeibadilisha kidole kimoja akaiweka tena." Akakigeuza kioo kuelekea kwao. "Hii ndiyo sentensi yako."

Hakuhitaji kuisoma. Aliiandika kwa mkono kabla ya kuisema, akaipima kila neno, na siku ile aliona fahari kwa jinsi ilivyosimama: *Umbo lolote la mwili wa Bwana likimwonyesha uchi au karibu na uchi, akiwa amejeruhiwa, ametundikwa hadharani na kudhihakiwa kwa maandishi kama mhalifu.*

"Sanamu ya Koku ina tairi shingoni," alisema Bitegeko. "Imefungwa kwenye nguzo ya umeme. Juu yake pameandikwa MWIZI. Msalaba wetu una nini katika hayo?"

"Mwili, jeraha, kutundikwa," alisema Zubeda. "Na kibao juu ya kichwa. Nilidhani kile ni pambo. Nikamwuliza padre wenu. Akaniambia kiliwekwa na askari kwa kumcheka."

Bitegeko akaisoma sentensi upya.

"Hukusema 'kwa nia ya kukufuru'," Bitegeko alinong'ona.

"Nilisema. Mhandisi alilifuta."

"Nia haionekani, Jaji. Pazia linaona kilichopo tu."

Misalaba ya parokia zote, hata ya majumbani, ilikuwa chini ya zambarau tangu Dominika ya Tano ya Kwaresima. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kugundua kosa mpaka saa ile moja ya mwaka ambapo kila kanisa katika nchi linaondoa kitambaa kwa pamoja. Simu zilikuwa zimeanza kuingia kutoka majimbo yote.

"Dawa ni ndogo," alisema Bitegeko. Alikuwa ameketi juu ya meza, kama alivyoketi juu ya madawati enzi zile. "Ongeza maneno machache. 'Isipokuwa msalaba uliobarikiwa na kuwekwa mahali pa ibada.' Jioni kabla ya moto wa Pasaka kila kitu kimerudi, na Jopo limeomba radhi kwa usumbufu wa mitambo."

"Inawezekana?"

"Inawezekana," alisema Zubeda. "Nitalisomesha ramani ya makanisa."

"Na misalaba ya makaburini?"

"Tutaongeza makaburi."

"Na ile iliyotundikwa sebuleni kwa watu?"

"Nyumba zilizobarikiwa. Parokia zitaniletea majina."

"Unaona? Linatatulika," alisema Bitegeko. "Au andika tairi tu, tumalize."

"Nililijaribu tairi," alisema Zubeda. "Fundi wa pancha pale mzunguko alipotea na kibanda chake chote. Wateja wake Wakatoliki walimtafuta."

Bitegeko akacheka peke yake. Jaji alikuwa akiitazama sentensi.

"Kwa hiyo mwili ule ule," alisema, "ukiwa kwetu ni ibada. Ukiwa kwa mtu mwingine ni kufuru."

"Si ule ule, Kiranja. Wake ni matusi."

"Unajuaje?"

"Tulisoma tamko."

Tamko lilikuwa maelezo ya maneno ambayo Pazia liliwaandalia wajumbe kuhusu kila kazi iliyolalamikiwa, ili wasilazimike kuitazama. Hakuna sheria iliyowakataza kutazama. Lakini ilikuwa imekuwa desturi, kisha ikawa fahari: mjumbe wa Jopo aliingia kikaoni na kutoka akiwa na macho safi. Jaji Kamuhabwa alijivunia macho hayo kuliko wote, na katika shauri hili zaidi. Kokuberwa alikuwa damu yake. Alifika hadi getini kumwomba aje aone, na akarudishwa na mlinzi, na magazeti yalimsifu Jaji kwa hilo: mtu asiyemwonea haya ndugu.

"Sikuuliza tulisoma nini, Laurean. Ni nani kati yetu aliyeiona?"

Bitegeko aliteremka mezani. "Mimi ninajua unakoelekea. Kifungu cha tisa. Hukumu haifutwi ila kwa sababu moja, kwamba mwamuzi hakuutazama ushahidi, naye lazima aitamke sababu hiyo hadharani kwa kinywa chake. Wewe ndiye uliyekiandika, kwa kuwa ulijua hakuna atakayethubutu. Fikiri. Ukisema hukutazama hii, watauliza zilizotangulia. Zako zote. Na zangu."

"Zangu kwanza."

"Usituletee mambo ya Rwamisha hapa. Tuna mvi."

Mambo ya Rwamisha yalikuwa haya. Kiranja aliyemwadhibu mwanafunzi kwa kosa ambalo hakuliona kwa macho yake, akategemea aliyoambiwa, hakuvuliwa cheo wala hakuchapwa. Aliingia kwenye mkusanyiko wa asubuhi akiwa amevaa koti lake ndani nje, bitana na mishono ikionekana, akasimama mbele mpaka wimbo wa shule uishe. Evodius Kamuhabwa, kiranja mkuu, alisimamia adhabu hiyo kwa wenzake bila upendeleo. Yeye mwenyewe hakuwahi kulivaa koti hivyo. Alikuwa akilitaja jambo hilo kwenye mikutano ya waliosoma pale.

"Mhandisi," alisema, "wewe huvai Pazia kazini. Uliiona sanamu?"

"Kazi yangu ni kuona, Jaji."

"Ukasemaje?"

"Haikunipendeza." Alifikiri kidogo. "Sikulala vizuri. Lakini hakuna aliyeniuliza."

Jaji akasimama, akachukua kofia yake. Alimwambia katibu kwamba kikao cha wazi kitakuwa alasiri, na kwamba mpaka hapo haliongezwi neno wala haliondolewi.

"Unakwenda wapi?"

"Kutazama," alisema. Hata kwake mwenyewe neno hilo lilisikika kama la mwanafunzi aliyechelewa.

III

Karakana ya Kokuberwa ilikuwa ghala la zamani la kahawa, lenye mlango mpana unaotazama njia ya sokoni. Sanamu ilisimama hapo mlangoni ili apitaye aione. Jaji alipofika, aliona ukungu mrefu kama mtu na nusu, na chini yake jina lake.

Binti wa kaka yake alikuwa ndani, akinoa patasi. Hakuinuka.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Koku."

"Umekuja kuniongezea adhabu? Nasikia jana ulimfunika hata bosi wako."

"Nimekuja kuona."

Patasi ikasimama juu ya jiwe. "Kwa macho?"

Kuvua lenzi hadharani lilikuwa jambo ambalo watu wa rika lake hawakulifanya, kama vile mtu mzima asivyokula akitembea. Alizivua akiwa amegeukia ukuta, moja baada ya nyingine, akazitia kwenye kikopo chao kidogo. Kifuniko kilimchelewesha, na binti alimwona, na hakumsaidia. Kisha Jaji akageuka.

Mwili ulichongwa kwa mti wa mfenesi, na njano yake ilikuwa imeachwa bila rangi, isipokuwa mahali moto wa kweli ulipopitishwa. Mikono ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye papi, mbao zinazokingama juu ya nguzo ya umeme. Tairi lilikuwa tairi, lililoungua upande mmoja, na lilivyoegemea mabega lilimzunguka kichwa kama taji la nuru katika picha za watakatifu. Hilo Jaji alilisoma katika tamko, akaliita kejeli. Tamko halikutaja uso. Jicho moja lilikuwa limevimba na kufunga. Mdomo ulikuwa wazi, lakini si kwa kilio; ulikuwa wazi kama wa mtu aliyekatizwa katikati ya kujieleza, ambaye bado anaamini kwamba wakimwacha amalize sentensi watamwelewa. Jicho la pili, lililobaki zima, lilitazama chini.

Jaji akafuata lilikotazama. Sakafu mbele ya sanamu ilikuwa saruji iliyokanyagwa kabla ya kukauka: ndara, viatu vya mpira, kisigino chembamba cha mwanamke, mguu mtupu wa mtoto, vyote vikielekea kwenye nguzo. Alikuwa amesimama ndani ya alama ya kiatu cha ngozi chenye soli ngumu. Kilimtosha.

Akarudi nyuma hatua moja, na akaona haya kwa kurudi.

Njiani alikuwa amejitayarisha kwa mambo mawili. Labda angeichukia, naye angekuwa na haki. Labda angeipenda, naye angekuwa amesamehewa. Hakupata lolote kati ya hayo. Iliumiza. Ilimuuma mahali pale pale alipodhani panalindwa na sala za miaka yote, na alitamani mtu aje na turubai. Aliyekuwa juu ya nguzo alikuwa Bwana wake, na walikuwa wamemfanya mwizi wa kuku.

"Kwa nini tairi?" aliuliza hatimaye.

"Wangetumia nini, Baba mdogo?" Sauti yake haikuwa ya kejeli tena, ilikuwa imechoka. "Angezaliwa hapa, akapita hapa nje, akapigiwa yowe. Nani angehangaika kutafuta misumari?"

"Wapo watu ambao ile picha ndiyo yote waliyo nayo. Hukuwafikiria."

"Niliwafikiria kila siku. Kwangu pia ndiyo yote niliyo nayo."

"Imeniumiza, Koku."

"Vizuri. Na mimi iliniumiza nikiichonga."

"Sijasema umekosea kuichonga. Wala sisemi umefanya vema. Sijui. Sikubaliani nayo."

"Sikukuomba ukubali." Aliinuka sasa, akajipangusa vumbi la mbao mapajani, na Jaji aliona jinsi alivyofanana na marehemu kaka yake anapokasirika. "Nilikuja getini kwako nikaomba utazame. Ungetazama kisha ukaifunika, ningekwambia wewe ni adui yangu, tungemaliza. Lakini ulinihukumu kwa habari za kusikia. Mtu anapigiwa yowe la mwizi, wewe unaokota jiwe, unauliza baadaye. Huoni kwamba uliingia ndani ya sanamu yangu bila hata kuiona?"

  Jaji alivaa lenzi zake tena. Ukungu ukarudi mahali pake, mpole, na chini yake jina lake likarudi pia. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba maandishi yale yalikaa sawasawa juu ya alama ya kile kiatu.

"Kikao ni alasiri," alisema.

"Sitakuja."

"Usije."

IV

Bitegeko alikuwa amemwekea karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa na maneno ya nyongeza, yameandikwa kwa herufi kubwa ili macho ya uzee yasihangaike. Nyingine ilikuwa tupu, kwa uamuzi wowote mwingine. 

Ukumbi wa Jopo ulikuwa umejaa watu waliokuja na hasira na wengine waliokuja kuwaona wenye hasira. Katika safu ya mbele waliketi wajumbe wote, na wanne kati yao walikuwa wamevaa tai ya Rwamisha.

Katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, Jaji Kamuhabwa alisimama mbele ya kioo. Alikumbuka mvulana mmoja wa kidato cha pili, asiye na hatia, ambaye kiranja wake aliadhibiwa kwa koti; jinsi mvulana yule alivyosimama mstarini bila kufurahi. Zamani alidhani adhabu ile ilikuwa kwa ajili ya kumwaibisha kiranja. Sasa aliona kwamba ilikuwa kwa ajili ya mvulana, ili aonyeshwe kwamba shule imejua. Alilivua koti lake jeusi. Akaingiza mkono ndani ya kila mkono wa koti akauvuta nje. Bitana ilikuwa ya rangi ya shaba, imechanika kwapani na kushonwa kwa uzi usiolingana, kazi ya marehemu mkewe. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiona. Akalivaa.

Alipoingia, kwanza kulikuwa na kicheko kidogo upande wa vijana. Kisha mjumbe mmoja mwenye tai ya Rwamisha akasimama, kama walivyofundishwa kusimama, na kicheko kikafa. Wa pili akasimama. Bitegeko alibaki ameketi. Alishika kifungo cha juu cha koti lake, akakishika hivyo muda wote, asikifungue wala asikiachie.

Mbele ya kipaza sauti Jaji hakutoa hotuba.

"Mimi, Evodius Rwiza Kamuhabwa, mwenyekiti, nafuta hukumu yangu juu ya sanamu ya Kokuberwa Kamuhabwa. Sababu ni kwamba nilihukumu bila kutazama. Sikuzuiwa kutazama. Niliombwa nitazame, nikakataa, nikasifiwa kwa kukataa. Nimeitazama leo. Ni kazi inayoumiza, na mtu yeyote anayo haki ya kuumia na kusema kwamba ameumia. Lakini sikuipima. Sitaongeza maneno ya kuulinda msalaba wetu na kuuacha wake gizani, kwa kuwa kwa sentensi niliyoiandika mimi ni mwili mmoja. Akitaka mtu kuleta shauri jipya, alilete, na wajumbe waende wakaone. Mimi sitakuwa miongoni mwao. Hukumu zangu zote zilizotangulia zifunguliwe."

Katika chumba cha mitambo Mhandisi Zubeda aliyasikia maneno hayo kupitia spika. Pazia liliyasikia pia, na kwa kuwa halikuwa na la kufikiri, lilitii mara moja.

Mtu mmoja katikati ya ukumbi aliuliza kwa sauti, bila kufoka, "Na sisi tuliokuamini?"

Jaji alimtafuta kwa macho akampata. "Nimekukosea," alisema. 

V

Kanisa la Nyakabale lilikuwa karibu tupu. Wanawake wawili walikuwa wakipanga maua kwa ajili ya mkesha, na mwanga wa jioni uliingia kwa mshazari. Msalaba uliachwa mbele ya altare, kwenye mto wake, kwa yeyote atakaye kusali. Ulionekana wote: mbavu, goti lililochubuka, kibao cha askari juu ya kichwa.

Ma Justa alikuwa ameketi sakafuni karibu nao, miguu ameinyoosha kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Amerudi," alisema, bila kugeuka. Aliijua hatua ya Jaji.

"Amerudi, Mama."

Alikaa kando yake, kwa shida, kwani magoti hayakuwa tena ya mtumishi wa misa. Ma Justa alimkagua kwa lenzi zake nzuri, kuanzia kola.

"Evodi. Koti lako umelivaa ndani nje."

"Najua, Mama."

"Watu wamekuona hivyo njiani?"

"Wameniona."

Alingoja aelezwe. Wanawake wa maua walikuwa wameacha kupanga. Jaji alitazama miguu ya mbao, pale penye msumari, palipokuwa pameng'arishwa na midomo ya vizazi.

"Jana uliniuliza maneno ya hapa chini yalisemaje. Nilikwambia ni ya serikali. Nilikudanganya. Lilikuwa jina langu. Aliyekufunikia ni mimi, na wewe hukuwa na kosa, na nililijua hilo tangu tukiwa ngazini."

 Ma Justa alichukua ncha ya bitana iliyochanika, akaitazama ule uzi usiolingana, akaiachia.

"Usiku kucha nilitubu," alisema.

"Najua."

"Hujui. Nilitubu mpaka vya utotoni."

 Jaji aliinamisha kichwa, na alipokuwa ameinama akasema lililobaki, kwa kuwa lingekuwa uongo wa pili kuliacha. "Na kuna jambo jingine. Kesho ukipita njia ya sokoni utaona sanamu ya binti wa kaka yangu. Ni Yeye, lakini si kama ulivyozoea kumwona. Itakuumiza. Nimeifunua mimi."

"Kwa nini ukaifunua, kama inaumiza?"

"Kwa sababu niliifunika bila kuiona."

Mwanamke mzee alijivuta, akashika ukingo wa benchi, akasimama. Alimtazama kutoka juu, jinsi alivyokuwa akimtazama zamani alipomwaga divai ya misa kwenye kitambaa kilichokwisha kupigwa pasi.

"Basi nitapita," alisema. "Na nikiumia, nitakuja kwako. Jina lako sasa nalijua lilipoandikwa."

"Njoo, Mama," alisema Jaji.